Mwalimu wa malezi akishika kiboko, mtoto atamwambia nani?

Nenda katika shule ya sekondari iliyo karibu nawe, iwe hapa Ileje, Momba, Mbozi au kule Tunduma mjini, uulize kama wana mwalimu wa malezi. Utajibiwa kwamba yupo, na pengine utatajiwa jina lake hapo hapo. Kisha uliza swali la pili: muhula huu ni wanafunzi wangapi wamemfuata mwalimu huyo wenyewe, kwa hiari yao, bila kuitwa? Hapo majibu huanza kuwa ya polepole.

Shule nyingine humwita mwalimu wa ushauri nasaha, nyingine mwalimu wa unasihi, nyingine mlezi au matroni. Kazi ni moja: kuwa mtu mzima ambaye mwanafunzi anaweza kumweleza jambo linalomsumbua kabla halijawa kubwa. Jambo hilo linaweza kuwa njaa nyumbani, ugomvi wa wazazi, mwanamume anayemsumbua njiani, mimba, bangi, au somo ambalo halielewi na anaona aibu kuuliza.

Makala haya yanaeleza kwa nini watoto wengi hawamfuati mwalimu huyo, na nini kinaweza kubadilishwa bila kusubiri fedha kutoka Dodoma.

Waraka upo

Jambo hili si geni serikalini. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka wa Elimu Namba 11, ulioelekeza huduma za ushauri na unasihi zianzishwe shuleni na katika vyuo vya ualimu. Kwa kawaida mkuu wa shule ndiye anayemteua mwalimu wa kazi hiyo kutoka miongoni mwa walimu alionao.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari nchini, unaojulikana kama SEQUIP. Ndani yake mna mpango wa Shule Salama, na moja ya shabaha zake ni kwamba shule iwe na mwalimu aliyepata mafunzo ya ushauri.

Kwa hiyo mtu akisema tatizo ni kukosa miongozo, hasemi kweli yote. Miongozo ipo. Kinachokosekana ni imani ya mtoto kwa mtu aliyeteuliwa. Imani hiyo haiji kwa waraka.

Kofia mbili

Tuchukue mfano. Binti wa kidato cha pili anatoka kijiji cha milimani, mbali na shule. Wazazi wake wamempangia chumba karibu na shule, kile ambacho vijana wanakiita geto. Anapika mwenyewe, analala mwenyewe. Ijumaa anarudi nyumbani kuchukua unga na maharage, Jumapili jioni anarejea.

Kijana wa bodaboda anaanza kumbeba bure. Mara ya kwanza ni wema. Mara ya nne kijana anaanza kudai shukrani. Binti anaogopa. Hajafanya kosa lolote, ila amepanda pikipiki ya watu na amekula chipsi za watu, na anaona ana deni.

Huo ndio wakati ambao mwalimu wa malezi anahitajika. Hakuna mimba, hakuna kesi, hakuna polisi. Kuna mtoto mwenye hofu na wiki mbili au tatu za kumsaidia.

Lakini Jumatatu ya wiki hiyo binti alichelewa namba, na mwalimu wa zamu alimchapa viboko. Mwalimu wa zamu wiki hiyo alikuwa mwalimu wa malezi. Jumatano atakwenda kweli kumgongea mlango amweleze habari za bodaboda? Kwa hesabu za mtoto, atakachopata ni viboko vingine na swali: "Nani alikutuma upande pikipiki?"

Mfano huu haumtaji mwalimu wala shule yoyote, lakini mpangilio wake ni wa kawaida. Mwalimu mmoja anafundisha Jiografia, anashika zamu, anasimamia nidhamu, anakagua sare na nywele, na jioni anatakiwa awe sikio la watoto wale wale aliowatisha asubuhi. Mtoto hana njia ya kujua saa hii anaongea na kofia ipi.

Bibi na baba hawakuwa na kazi moja

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika familia nyingi za huku kwetu, baba alikuwa mtu wa amri na adhabu. Mambo ya ndani, ya mwili na ya moyo, hayakupelekwa kwa baba. Yalipelekwa kwa bibi, babu, shangazi au mjomba. Mjukuu na bibi walikuwa na utani, na ndani ya utani huo mtoto angeweza kusema jambo ambalo mbele ya baba yake lingemfunga kinywa.

Bibi aliambiwa kwa sababu hakuwa na fimbo. Akiambiwa, alijua lipi la kunyamaza nalo na lipi la kumfikishia baba kwa lugha itakayomwokoa mtoto.

Siku hizi bibi yuko kijijini, mtoto yuko geto au bwenini, shangazi anafanya biashara Tunduma. Nafasi ya bibi imekabidhiwa kwa mwalimu. Ila tumemkabidhi nafasi hiyo bila kumwondolea fimbo ya baba.

Sheria ya viboko inasema nini

Wazazi wengi wanaamini mwalimu yeyote anaweza kumchapa mwanafunzi wakati wowote. Si hivyo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotungwa 1979 na kufanyiwa mabadiliko 2002, zinaweka mipaka:

- Viboko visizidi vinne.
- Anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi.
- Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike.
- Adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu.

Soma tena sharti la pili. Mkuu wa shule ndiye anayeamua nani apewe idhini. Maana yake, mkuu wa shule anaweza leo hii, bila waraka mpya wala semina, kuamua kwamba mwalimu wa malezi hatakuwa kwenye orodha ya wanaochapa. Anaweza pia kumwondoa kwenye zamu na kamati ya nidhamu, kisha akatangaza mstarini kila mwanafunzi asikie: mwalimu huyu hachapi mtu.

Kuna wazazi watakaosema kiboko ndicho kilichowalea wao. Mjadala wa kufuta viboko kabisa ni mrefu, na hatuumalizi hapa. Hoja ya makala haya ni ndogo zaidi: hata anayeunga mkono kiboko hana sababu ya kutaka mkono unaochapa uwe ndio ule ule unaofuta machozi.

Ng'ambo ya mto

Sisi wa Isongole tuna jirani wa karibu wa kujilinganisha naye. Ukivuka Mto Songwe uko Malawi, kwenye barabara ya kwenda Chitipa. Watu wa pande zote mbili wanaongea Kilambya, wanaoana na wanauziana mahindi. Lakini sheria za shule ni tofauti. Katiba ya Malawi ya 1994 ilipiga marufuku adhabu ya viboko katika vyombo vya dola, shule za serikali zikiwemo. Zambia, iliyo ng'ambo ya Tunduma, iliikataza shuleni kwa Sheria ya Elimu ya 2011. Kenya iliifuta mwaka 2001.

Hii haina maana kwamba kila mtoto wa Chitipa au Nakonde anamwamini mwalimu wake. Sheria haifanyi kazi hiyo peke yake. Ila inaonyesha kwamba nchi zenye umaskini kama wetu na madarasa yaliyojaa kama yetu zimeamua kutafuta njia nyingine ya kusimamia nidhamu.

Kwetu, viongozi wakubwa wamewahi kuonyesha upande mwingine. Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, mabweni yaliungua, na wanafunzi walituhumiwa kuyachoma baada ya kuzuiwa kutumia simu. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi 14 mbele ya watu. Rais John Magufuli alimuunga mkono.

Kuchoma bweni ni kosa kubwa, na watoto wangeweza kufa. Lakini swali la mlezi linabaki: kabla ya moto, ni mtu mzima gani wa shule aliyejua kwamba hasira imefika kiwango hicho? Pale ambapo hakuna anayeambiwa mambo, habari hufika zikiwa tayari ni moshi.

Siri: inatoka wapi, na inaishia wapi

Ukiacha kiboko, kinachowafunga watoto vinywa ni hofu kwamba siri itatoka. Mara nyingi hutoka kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ofisi ya walimu. Mwalimu hana chumba cha peke yake, kwa hiyo mazungumzo yanafanyika kwenye kona ya ofisi, wenzake wakisahihisha madaftari. Mtoto akitoka, mwingine anauliza, "Huyu naye ana nini?"

Ya pili ni mstarini. Mwalimu anakemea tabia bila kutaja jina, lakini anaeleza kisa kwa namna ambayo kila mtu anamjua mhusika. Kicheko kimoja cha darasa kinatosha kuwanyamazisha wengine mwaka mzima.

Ya tatu ni mzazi. Mwalimu anamwita mzazi kwa nia njema, mzazi anafika na hasira, na mtoto anapigwa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hata hivyo tusiwadanganye watoto kwamba kila siri inaweza kufichwa. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Mwalimu akiambiwa kwamba mtoto anabakwa au anateswa, hawezi kukaa kimya na kusema aliahidi.

Ndiyo maana walimu waliofunzwa kazi hii wanashauriwa kusema ukweli mwanzoni, kabla mtoto hajafungua kinywa. Inaweza kuwa kwa maneno kama haya: "Utakayoniambia hayatafika ofisini wala darasani. Lakini nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, itabidi niwaambie watu wachache wa kukulinda, na nitakuambia kwanza ni nani." Mtoto aliyeelezwa mpaka anaweza kuchagua. Mtoto aliyeahidiwa siri yote kisha akaona polisi, hatarudi tena, na atawaambia wenzake wasiende.

Mzigo wa mwalimu

Haki ya mwalimu nayo isemwe. Wengi wa walimu wa malezi wana vipindi kamili kama wenzao, na kazi ya ushauri ni ya ziada isiyo na posho. Akihamishwa yule aliyepata mafunzo, shule inabaki mikono mitupu.

Kuna jambo zito zaidi ambalo halisemwi sana. Mwalimu anaishi kijijini. Mwanamume anayetajwa na binti anaweza kuwa mtoto wa mwenye nyumba aliyompangisha, au mtu anayekaa naye kanisani. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu ikiwa kubwa kiasi hicho, familia mbili nyingi huona ni heri zimalizane nyumbani kwa fedha au ng'ombe. Mwalimu anayepeleka taarifa anageuka adui wa pande zote mbili, na anayenyamaza anavunja sheria.

Mkuu wa shule, mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wanatakiwa wasimame naye. Taarifa ikipelekwa kwa jina la shule, si kwa jina la mwalimu mmoja, hatari kwake inapungua.

Binti anayerudi

Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Ukafuata Waraka Namba 2 wa 2021 na mwongozo wa 2022, unaompa mwanafunzi nafasi ya kurejea ndani ya miaka miwili. Malawi ilikuwa imeanza utaratibu wa kuwarejesha wasichana mwaka 1993, na Zambia mwaka 1997.

Kufungua lango ni jambo moja. Binti akirudi anakaa na wadogo zake darasani, maziwa yanavuja, na wapo wanaomwita mama fulani. Kama katika shule hiyo wasichana wamezoea kupangwa foleni na kupimwa mimba, na mwalimu wa malezi ndiye anayesimamia foleni hiyo, binti huyu hawezi kumwona kama mtu wa kumkimbilia. Ataona ni yule yule aliyemtoa.

Wavulana nao

Tunapozungumzia ushauri shuleni tunawafikiria wasichana kwanza. Lakini utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Sehemu kubwa ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Takwimu hizo ni za miaka mingi, lakini sababu ya ukimya wa wavulana tunaijua wote: mwanamume halii. Hapa mpakani mvulana ana majaribu yake. Kuna kuvusha mizigo usiku, pombe za viroba, kuacha shule kwa ajili ya pikipiki. Mvulana hapelekwi kwa mwalimu wa malezi. Anapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu.

Shule inaweza kuwaanza wavulana kwa mlango mwepesi: masomo na kazi. Tangu 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa hadi 65, na mwanafunzi wa kijijini anahitaji mtu wa kumweleza ipi inampeleka wapi, na kama VETA inamfaa zaidi. Kijana aliyesaidiwa kuchagua tahasusi leo, kesho anaweza kurudi na jambo la ndani zaidi.

Unaweza kufanya nini

Kama wewe ni mzazi, mkutano wa wazazi ujao uliza maswali manne. Mwalimu wa malezi ni nani? Je, yumo kwenye orodha ya wanaochapa? Anakutana na watoto wapi, na siku gani? Je, yuko wa kike na wa kiume? Maswali haya hayamtukani mwalimu. Yanamsaidia kupata chumba na muda.

Nyumbani, mtoto akikuambia ameongea na mwalimu, usianze na "Umeanika nini cha nyumbani kwetu?" Anza na "Umesaidika?"

Kama wewe ni mkuu wa shule, waulize wanafunzi kwa kura ya siri ni mwalimu gani wangependa kumweleza shida zao. Unaweza kushangaa. Anaweza kuwa mwalimu kijana wa Hisabati ambaye hukumfikiria, na ndiye wa kumpeleka kwenye mafunzo.

Kama wewe ni mwanafunzi, fahamu kwamba una zaidi ya mlango mmoja. Kama mwalimu wa malezi humwamini, au kama yeye mwenyewe ndiye anayekusumbua, tafuta mwalimu mwingine, afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa zahanati, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaweza pia kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, usiku na mchana, na huhitaji salio.

Shule zinafungua muhula kwa kugawana majukumu ya walimu: nani zamu, nani michezo, nani shamba, nani nidhamu, nani malezi. Kikao hicho huchukua asubuhi moja. Hapo ndipo jina la mwalimu wa malezi linaweza kutolewa kwenye orodha ya viboko, kwa kalamu ile ile inayoandika ratiba.